Bati la Sampo ya Sista

Jumatatu, 8 Julai 2024

Leo miezi minne na siku sita tangu niondoke Kishapu. Nilimwambia Suzana wiki sita. Wiki sita! Kazi ya kupakua saruji iliisha siku ya kumi na moja, msimamizi akapanda gari lake akaenda zake, sisi tukabaki njia panda ya Nyakanazi tunaangalia mabasi. Sasa mimi ni mwosha vyuma kwenye gereji ya Fabiani. Fundi ni yeye. Mimi naosha, nabeba, nalala chini ya magari ya watu, naitwa "Msukuma, lete spana kumi na tisa". Jina langu ni Shibuda. Miezi minne hajalitamka hata mara moja.

Mikono imechubuka kwa petroli. Naandika kwa sababu nisipoandika nitampiga mtu.

Leo limeletwa gari la zamani kutoka Ngara, limebebwa juu ya Fuso kama ng'ombe mgonjwa. Pikapu ya mwaka sabini na tatu. Sampo imepasuka. Lile bakuli la chuma chini ya injini, ambamo oili inakaa, lilipiga jiwe na oili yote ikamwagika barabarani. Mwenye gari akazima injini palepale. Mtu mwenye akili. Wengine wangeendelea mpaka injini inoki, ikwame kabisa.

Mwenyewe amekuja nalo. Mzee Gaspari, wa Nyamiaga, kofia mkononi, shati limefungwa mpaka shingoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba akaniuliza jina. Akaniuliza jina! Anasema gari linaitwa Sista kwa sababu zamani lilikuwa la masista wa misheni, akalinunua walipopata jipya. Kwenye mlima wao gari ni hilo moja. Mama akishikwa na uchungu, wanakuja kumgongea yeye. Hatozi kitu.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa njiani, kwenye mkokoteni wa ng'ombe, mimi nikiwa nashika fimbo. Hakulia.

Mzee amerudi kwao kwa basi la mchana. Fabiani amemwambia Ijumaa.

Jumanne, 9 Julai

Nimefungua sampo. Nimeiosha mara tatu.

Nimeona kitu. Sampo za magari tunayofungua hapa mimi nilidhani ni mabakuli tu. Hii mbele imepanda juu, pembamba, ili ekseli ipite chini yake. Nyuma ndiko kuna kina, na ndiko mdomo wa pampu unakofyonza oili. Sasa gari likishuka mlima pua chini, oili si itakimbia mbele kwenye pembamba, mdomo ubaki unanyonya hewa? Nikajiuliza. Halafu nikaona jibu liko mkononi mwangu! Katikati kuna bati jembamba limesimamishwa kama ukuta, linatenga kina na pembamba. Chini lina matundu matatu, mawili makubwa na moja dogo, oili irudi polepole, isikimbie kwa wingi. Basi. Bati tu. Aliyelichora alijua milima.

Nilikaa nalo muda. Shuleni niliishia kidato cha pili, hakuna aliyenionyesha kitu kama hiki. Tulichora mchoro wa jicho la panzi.

Fabiani akaja akaniuliza kama nataka kulioa. Akasema ning'oe hilo bati, nyundo haiingii kunyoosha bonde lililopigwa na jiwe. Nikasema tutalirudisha? Akasema ng'oa kwanza.

Nikachukua tindo. Mapigo kumi na mawili. Likatoka zima.

Alhamisi, 11 Julai

Nina hasira mpaka mwandiko huu hata mimi sitausoma.

Sampo imenyooshwa, imechomelewa ufa, vizuri, sikatai. Fabiani kuchomelea anajua. Nikamletea bati. Akalitazama kama nimemletea ganda la ndizi. Anasema hilo ni urembo wa wazungu, magari mangapi amefunga bila hayo mabati, yanakwenda mpaka Bujumbura.

Nikasema, "Bosi, kwa mzee ni mlima. Oili itakimbia mbele."

Akacheka, akawaita madereva wa matela waliokuwa wanakunywa chai wasikie. "Jamani! Huyu kwao hata kichuguu wanakiita mlima, leo ananifundisha mlima!"

Wakacheka. Mmoja akasema wamwache, labda kuna siku alimfungia ng'ombe sampo. Wakacheka zaidi. Mimi na tindo mkononi.

Halafu Recho — mama ntilie wetu, jiko lake liko upande wa upepo — akasema kama bati halina kazi apewe yeye, vumbi la matela linamwingilia kwenye mkaa. Fabiani akampa! Hivi hivi. "Chukua, mama, ukinge upepo." Recho akashukuru. Hana kosa, hajui.

Bati la Sista limesimama mbele ya jiko la chapati. Matundu matatu yanatoa moshi.

Ijumaa, 12 Julai

Wamelijaribu gari. Kilomita tano kwenda, tano kurudi, barabara ya lami, imenyooka kama meza. Taa ya oili haikuwaka. Bila shaka haikuwaka! Bakuli likikaa sawa, hata bakuli la uji halimwagiki.

Mzee Gaspari amefika saa nane. Kaleta ndizi mkungu mzima, wa gereji. Kazunguka gari, kagusa boneti. Fabiani akamwambia Sista amepona, anaweza kurudi konventi.

Halafu mzee akanifuata mimi. Mimi! Nilikuwa nanawa. Akasema, "Shibuda, wewe ndiye uliyeosha. Kila kitu mmerudisha?"

Fabiani alikuwa nyuma yake, ananitazama.

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Akaniwekea mkono begani. Akaondoka taratibu, gari linaunguruma kama jipya.

Siwezi kuandika zaidi. Mjinga mimi. Mjinga na mwoga.

Jumapili, 14 Julai

Suzana amepiga. Anauliza nitarudi lini, shamba la pamba limekwisha kuvunwa na yeye na kaka yake tu. Nikasema karibuni. Akasema karibuni ya mwezi gani. Nikamfokea. Akakata.

Nimekula chapati kwa Recho. Bati lile limeanza kuwa jeusi. Nilikaa nimelipa mgongo.

Jumanne, 16 Julai

Mzee amempigia Fabiani asubuhi. Nilisikia upande mmoja, wa pili Fabiani alinisimulia akicheka. Taa nyekundu inawaka akishuka mlima, akifika bondeni kwenye daraja inazima. Akipanda haiwaki. Kila siku hivyo.

Nikasema, "Bosi, si nilikwambia?"

Akasema ni waya. Gari la miaka hamsini litakosa waya mbovu? Akampigia mzee tena, mbele yangu, akamwambia — nayaandika kama yalivyo — "Mzee, ng'oa balbu. Ukiing'oa haitakusumbua."

Ng'oa balbu! Mtu analia anaumwa, wewe unamziba mdomo!

Nikaacha kuosha. Nikamwambia mbele ya watu kwamba yeye si fundi, ni mtu wa kuzima taa. Hata Recho akaacha kusukuma chapati. Nilidhani atanifukuza. Hakunifukuza, akafanya ujanja. Akasema kwa kuwa mimi ni injinia, kesho niende Nyamiaga, nimfungie mzee swichi mpya ya taa ya oili. "Taa izime, na wewe uzimike." Akanipa swichi na pochi ya spana zake.

Nimechukua.

Jumatano, 17 Julai

Leo ni habari ndefu. Niandike kabla sijasahau, ingawa kusahau sidhani.

Nimepanda lori la mahindi alfajiri. Njia yote natazama milima. Kweli kwetu hakuna. Kila baada ya kona lori linainama, dereva anakanyaga breki, na mimi nawaza oili tu, naiona inavyokimbia mbele.

Nyumba ya mzee iko juu kabisa, migomba imeizunguka, kahawa imeanikwa uani. Mkewe, mama Adelfina, alikuwa anageuza kahawa. Nikapiga magoti nusu, shikamoo. Akaitika huku akinipima. Akauliza kama mimi ndiye fundi. Nikasema mimi ni mwosha vyuma. Akasema afadhali, mafundi amewachoka.

Mkwe wao Yuster alikuwa amekaa kivulini, miguu imevimba, tumbo limefika kifuani. Akanicheka: "Umekuja kumtibu Sista au mimi?" Mama Adelfina akasema kliniki wamemwandikia wiki ijayo, ila tumbo halisomi kalenda.

Basi nikajua gari linasubiri nini.

Sikufunga swichi. Nikamwomba mzee tushuke na gari mpaka darajani, mimi nikae naye mbele. Balbu hakuing'oa. Alisema masista walimfundisha kwamba taa nyekundu huulizwa kwanza. Tukaanza kushuka. Mita mia — bado. Kona ya kwanza, gari likainama sawasawa. Taa ikawaka. Nyekundu, haipepesi. Na chini ya sauti ya injini nikasikia nyingine: ko, ko, ko. Kama mtu anagonga mlango kwa kucha.

Nikapiga kelele, "Zima! Baba, zima!"

Akazima. Akashika breki ya mkono. Nikaruka nikaweka mawe kwenye magurudumu. Kimya kabisa, mlima mzima. Nikasikia ng'ombe wa watu upande wa pili wa bonde.

Mzee akashuka. Akasema Fabiani anadai ni waya. Nikasema si waya. Nikamchorea chini, kwenye vumbi, kwa kijiti: kina, pembamba, mdomo wa pampu. Nikachora ukuta. Nikaufuta kwa kidole.

"Aliufuta nani?"

"Nilikata mimi. Kwa tindo."

Akavua kofia. Nikatamani atukane.

"Ijumaa nilikuuliza."

"Ndiyo, baba."

"Ukajibu nini?"

"Nilijibu ndiyo."

Akarudia, "Ulijibu ndiyo." Akavaa kofia, akaanza kupanda mlima kwa miguu kwenda kwake, hakunitazama. Hilo ndilo lililoniuma kuliko ngumi. Fabiani ningemrudishia. Huyu nitamrudishia nini?

Nikabaki na gari. Nikaingia chini yake, nikamwaga oili kwenye dumu, nikafungua sampo. Saa tatu nzima, mteremko unanivuta, mawe mgongoni. Nilikuwa natukana kila boliti. Namtukana Fabiani, madereva wa chai, msimamizi wa saruji, kaka yake Suzana ambaye hajanifanyia kitu. Mwisho nikaishiwa watu nikabaki mimi.

Oili nimeichuja kwa kitambaa. Ina vumbi la chuma linalong'aa, kidogo, kama chumvi kwenye yai. Nimefungua beringi moja ya kranki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, iliyo karibu: imekwaruzwa, haijalika. Nimemshukuru Mungu kwa Kisukuma. Injini ikipata oili itaishi. Ikishuka mlima mara tatu nne bila bati, basi. Itanoki na mama wa watu nyuma.

Mzee alirudi alasiri, na chakula. Ndizi na maharage, kafunika kwa sahani nyingine. Mama Adelfina ndiye aliyetuma, na ujumbe: huyo ale, lakini asidhani amesamehewa. Nikala. Nilikuwa na njaa mbaya, naona haya huku nakula.

Nikamwambia naweza kukata bati jipya hapa Ngara mjini. Akauliza matundu yalikuwa wapi. Nikasema mawili makubwa na dogo moja. Dogo lilikuwa upande gani? Nikafumba macho. Kulia. Au kushoto. Na urefu wa ukuta? Nikapima kwa kidole, nikapima tena, ikatoka tofauti.

Mzee akasema, "Sitaki la kukisia. Nataka lile lile."

Liko wapi? Nikamwambia. Mbele ya jiko la chapati, Nyakanazi.

Akacheka! Kidogo tu, puani, halafu akakumbuka kwamba amekasirika.

Alhamisi, 18 Julai

Nimelala kwa mzee, kwenye stoo ya kahawa. Asubuhi nimempigia Recho. Bati lipo. Limepinda kidogo kwa moto, lakini matundu yote yapo. Nikamwomba anitunzie. Akasema sawa, ila nimletee kingine cha kukinga upepo, hawezi kupika vumbi. Mara nikasikia simu inanyang'anywa.

Fabiani.

Alijua yote, mzee amempigia jana. Akaniita msaliti, mchawi, mchunga ng'ombe. Nikamwacha amalize. Halafu akasema spana zake ziko wapi. Nikasema ninazo, nitazirudisha. Akasema hapana, mimi nimeiba, ameshasema kwa wanaopaswa kusikia, nikikanyaga Nyakanazi nitalala ndani. Na lile bati ni chuma chakavu cha gereji yake. Akatamka jina langu kwa mara ya kwanza: "Umenielewa, Shibuda?"

Nimeelewa.

Nikamweleza mzee, sikuficha. Mama Adelfina alikuwa anasikiliza, mikono kwenye kahawa. Akamwambia mumewe, kwa Kiswahili ili nami nisikie, kwamba njia panda ya Nyakanazi mabasi ya Kahama yanapita tangu asubuhi mpaka jioni. Huyu akifika pale, kwao ni kupandisha mguu tu. "Tutabaki na gari lisilo na tumbo."

Kweli tupu. Nimelifikiria hilo kabla yake. Nimeliwaza stoo, kabla ya jogoo. Suzana ananisubiri. Mtu wa kunidai hapa hayupo, ila huyu mzee, na yeye hajui hata kijiji changu. Nikirudi kwetu nani atanifuata?

Sampo imelala uani, mdomo juu, nimeifunika kwa jani la mgomba vumbi lisiingie. Boliti zake ishirini na mbili nimezifunga kwenye kitambaa, nimempa Yuster ashike. Akaniuliza akizipoteza je. Nikasema usizipoteze. Akasema na wewe usipotee. Gari liko kwenye mteremko juu ya mawe, injini wazi chini. Kabla sijaja lilikuwa linaumwa lakini linakwenda. Sasa haliendi kabisa. Nimelifanya mimi, mara ya pili.

Mzee ameongea na kijana wa jirani mwenye bodaboda, kama Yuster ataanza mapema. Bodaboda! Kwenye mlima ule, na tumbo lile. Mama Adelfina amegeuka akaenda jikoni asitusikie.

Nimemwachia mzee kitambulisho changu cha taifa. Hakukiomba. Alikiangalia, akasoma Kishapu, akakitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. Spana za Fabiani ninazo, zote kumi na moja, nimezihesabu mbele yake. Nitamkabidhi Fabiani mbele ya watu, mchana, kwenye jiko la Recho, kila mtu aone. Akitaka kuita polisi aite. Bati nitalikalia mpaka nipewe. Kwenye mfuko nina kipande cha debe nimekikata hapa, kipana kuliko lile, Recho akingie upepo.

Suzana nimempigia. Nikamweleza tangu mwanzo, mpaka tindo, mpaka ile "ndiyo, baba". Kisha akauliza huyo mwanamke miezi yake imetimia? Nikasema imetimia. Akasema, "Basi unanipigia mimi ya nini? Nenda."

Niko barabarani sasa, nimekaa juu ya jiwe la kilomita, nasubiri lori lolote linaloelekea Nyakanazi. Limepita moja, limejaa. Limepita la pili, dereva ni mmoja wa wale wa chai. Amenitambua. Amepunguza mwendo, amecheka, hakusimama.

Linakuja la tatu.

Leo Nyakanazi, kesho kuchukua bati na kulinyoosha, mahali popote watakaponiachia nyundo. Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa hapa hapa, kwenye jiwe hili, nashuka. Nimemwambia mzee saa nne. Yuster, subiri mpaka Jumamosi.